Bi Anezina, Jambo la Saba la Kufanya Kisiwani

Kwenye karatasi wanazopewa watalii pale Fira, mji wetu mkuu, jambo la kwanza la kufanya kisiwani kwetu ni kwenda kijiji cha Ia kutazama jua likizama. Nimeendesha basi la Ia miaka thelathini na moja, na naapa sijaona upuuzi wa kuuzidi huo. Watu wanatoka upande wa pili wa dunia, ambako jua linazama kila siku bila nauli, wanakuja kubanana ukutani, wanakanyagana vidole, na likishazama wanapiga makofi. Wanalipigia jua makofi. Kisha wanageuka wote kwa pamoja na kuniuliza basi linaondoka saa ngapi.

Jambo la pili ni kupanda volkano. Wanavushwa kwa boti hadi kile kisiwa cheusi cha katikati, wanakwea mawe yaliyoungua wakiwa wamevaa ndara, wanachungulia shimo lisilo na kitu, wanashuka na malengelenge. La tatu ni kuogelea kwenye maji ya moto hapo chini yake, ambayo kwanza si ya moto, ni vuguvugu tu, na yana kutu inayotia nguo zao rangi ya chai mpaka zitupwe. La nne ni punda. La tano ni kuonja mvinyo, na hapo sina neno, isipokuwa wanautema. La sita ni ufuo mwekundu, palipowekwa kibao cha kuonya kwamba mawe yanaporomoka, nao wanapiga picha wamekiegemea hicho kibao.

Nakiri mapema, ili asitokee mtu wa kunisuta: watu hao wamenilisha. Nimewadharau miaka yote hiyo nikiwa nimeshiba kwa sababu yao.

Jambo la saba halikuwepo mpaka mwaka juzi, nalo lilikuwa Bi Anezina.

Bi Anezina ni jirani yangu. Nyumba yake na nyumba aliyoniachia mama zinagawana ukuta mmoja, na tangu nilipokuwa mtoto nimekuwa nikisikia kikohozi chake na yeye akisikia changu. Amenitangulia miaka minane, kwa hiyo namwita dada, naye huniita Manthos kavu kavu, bila bwana wala kaka, kama mtu anayemwita paka. Juu ya shamba lake la mizabibu kuna kanisa dogo la Mtakatifu Paraskevi. Kwetu makanisa madogo yana wenyewe, kama mashamba. Aliye na ufunguo ndiye anayelipaka chokaa, anayewasha taa ya mafuta, na siku ya mtakatifu wake, ibada ikiisha, ndiye anayemlisha kila atakayeingia uwanjani. Hapigi hodi mtu, halipi mtu, hafukuzwi mtu. Na mwenye sherehe hahesabu watu. Hilo la kuhesabu ni mwiko. Anapika dengu zetu za njano, fava, kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuoga ndani yake, anapika mpaka mikono ife ganzi, halafu anaongeza.

Kuba la kanisa lake ni jeupe, si la buluu, na kwa ajili hiyo tu wapiga picha walituacha tupumue miaka mingi.

Ufunguo aliupata kwa mama yake. Bi Anezina alikuwa na miaka minane lilipopiga tetemeko la mwaka hamsini na sita, Julai, alfajiri, na nusu ya kisiwa ikalala chini. Siku kumi na saba baadaye ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Paraskevi. Watu walikuwa kwenye mahema, wengine hawajawafukua jamaa zao vizuri. Mama yake akatoa magunia yote mawili ya dengu kutoka kwenye pango la akiba, akapika katikati ya kifusi bila kujua ni nani aliye hai na nani amekufa, na walio hai wakaja. Hadithi hiyo Bi Anezina haisimulii kwa machozi. Anaisimulia akitaka kukuonyesha jinsi wewe wa leo ulivyo mvivu.

Mengine ya maisha yake ni ya kawaida. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyanya mpaka kilipofungwa, na hadi leo hali nyanya za kopo. Aliolewa na baharia aliyekuwa nyumbani miezi miwili kwa mwaka, na akasema ilitosha. Mwanawe mmoja yuko Melbourne, anauza vigae, anapiga simu siku ya Pasaka. Mume alipokufa, alivaa nyeusi na kuendelea kukata mizabibu, kuisuka vikapu ardhini ili upepo usiivunje, kama alivyofundishwa. Hakuwahi kukodisha hata chumba kimoja. Walipopita mawakala wa kutafuta nyumba za kukodi, aliwapa glasi ya maji na kuwaonyesha njia.

Watalii aliwadharau kuliko mimi, lakini dharau yake ilikuwa na kazi. Kuna mume na mke waliowahi kupanda juu ya paa lake kwa ngazi yake mwenyewe, bila kuomba, ili wapigane picha na bahari nyuma. Bi Anezina alitoka, akaiangalia ngazi, akaichukua, akaiweka ndani, akaenda ibada ya jioni. Aliporudi walikuwa bado juu, wamekaa kimya kama kuku waliolowa. Akawashusha, akawapa mkate na zeituni, akawaambia kwa Kigiriki, ambacho hawakukijua hata neno moja, kwamba mama zao hawakuwafunza adabu. Walimbusu mikono.

Sasa shida ilipoanzia. Majira ya baridi ya mwaka juzi magoti yake yalimgomea. Alianguka akiwa amebeba ndoo ya chokaa, akalala njiani kwa muda mpaka nilipomkuta. Nilimshika mkono kumwinua, naye akaniambia niache kupumua kwa nguvu, si mimi niliyeanguka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anasema wazi: sherehe hawezi tena kuipika peke yake, na ufunguo lazima upate mkono mwingine akiwa hai. Usipopata, kanisa litarudi kwa askofu, litafungwa, litafunguliwa mara moja kwa mwaka kwa nusu saa, na sufuria litaning'inizwa ukutani kwenye hoteli fulani kama pambo. Alikuwa amekwisha kuliona sufuria la kanisa jingine likiwa limepandwa maua mlangoni kwa watu. Alilia siku hiyo, na Bi Anezina si mtu wa kulia.

Mwanawe kwenye simu alisema auze. Kwa hiyo alibaki Iakovos.

Iakovos ni mtoto wa marehemu kaka yake. Ana umri wa miaka arobaini na kidogo, shati jeupe la kitani, viatu bila soksi, na ofisi pale Fira yenye kioo kizima mbele, inayouza safari za boti, punda, mvinyo na jua. Hizo karatasi ninazozisema, yeye ndiye anayezichapisha. Amevimba kichwa kiasi kwamba akikusalimia anaangalia kama kuna mtu wa maana zaidi nyuma yako. Alipomwambia shangazi yake kwamba ufunguo anautaka, tena anautaka kwa moyo wote, mimi nilicheka mpaka nikakohoa, na Bi Anezina akanisikia kupitia ukutani.

Nilifanya kazi yangu. Nilizunguka kijiji kizima, kwenye mkahawa, kwa mwoka mikate, baada ya ibada, nikisema Iakovos atauza hata kengele. Nilisema hajui kutofautisha dengu na changarawe. Nilisema ufunguo ule unahitaji mtu anayejua mambo yanavyopaswa kufanywa. Watu waliniitikia, kwa sababu kumsema Iakovos ni raha na hakugharimu kitu.

Bi Anezina akakata shauri kwa namna yake. Akamwambia Iakovos apike mwaka ule. Akiipika sherehe ikapikika, ufunguo wake.

Mwezi wa sita nikaiona karatasi mpya. Jambo la saba: sherehe ya kale, kula pamoja na Bibi Anezina na wanakijiji halisi. Na picha yake ilikuwepo, ameinamia sinia la dengu, kitambaa kimeenda upande, amekunja uso. Niliipeleka mbio. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimepanda ngazi zile kwa furaha kama siku hiyo.

"Dada, umekuwa jambo la saba," nikamwambia.

Aliishika mbali na macho, akaisoma taratibu. "La sita ni nini?"

"Ufuo mwekundu."

"Yale mawe yanayowaangukia?"

"Hayo hayo."

"Basi si mbali sana," akasema, akaendelea kuchambua dengu.

Lakini alimwita Iakovos, na mimi nikakaa kusikiliza, kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Iakovos alieleza vizuri. Chakula kingekuwa bure, kama desturi inavyotaka. Watalii wangelipia basi, maelezo ya mwongozaji, na utepe.

"Utepe wa nini?"

"Wa mkononi, shangazi. Ili tujue idadi."

"Idadi ya nini?"

"Ya watu. Sasa nitapikaje bila kujua ni watu wangapi?"

Bi Anezina aliacha kuchambua dengu. Akamwambia kwamba mama yake alipika bila kujua hata nani yuko chini ya mawe. "Pika mpaka uchoke, halafu ongeza," akasema. "Usihesabu, Iakovos. Ukihesabu umeshakosa."

Iakovos aliitikia ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, kwa ile sauti watu wanayowatolea wazee na watoto wenye homa. Kisha akaenda akahesabu. Tepe tisini za njano. Wanakijiji arobaini na watatu, aliowaandika kwa kukumbuka nani alikuja miaka iliyopita. Chakula akaagiza kwenye jiko la hoteli moja, sahani mia moja na thelathini na tatu, zije kwenye gari lenye barafu.

Siku ya mtakatifu mimi ndiye niliyeimba. Nimekuwa mwimbaji wa kanisa lile tangu sauti yangu ilipovunjika, na kanisa linachukua watu ishirini, ishirini na watano wakiwa wembamba. Siku ile lilikuwa na sisi, kasisi wetu Papa-Gerasimos, wazee wachache, na mlangoni ukuta wa simu zilizoinuliwa. Mwongozaji wao, mwanamke mwenye fimbo yenye kitambaa, aliwaeleza kwa mnong'ono uliokuwa na nguvu kuliko wimbo wangu. Mmoja wao alipiga chafya kwenye mshumaa. Papa-Gerasimos aliendesha ibada kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Nje, getini, Iakovos alikuwa amemweka kijana wa maneno mengi kutoka Athens, aliyevaa miwani ya jua na kushika orodha. Kalliroi, ambaye ana miaka themanini na tatu na aliletwa sherehe hiyo mara ya kwanza akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake, aliulizwa utepe wake uko wapi. Akajibu kwamba utepe wake ni mvi. Kijana akatafuta Mvi kwenye orodha.

Sasa nitasema kuhusu wanakijiji wenzangu, maana dharau yangu si ya watalii tu. Miaka kumi mfululizo walikuwa wanakuja watu thelathini, arobaini wakizidi. Wengine wote walikuwa na kazi, joto, mgongo, mgeni anayefika kwa ndege ya saa nne. Siku ile walikuja wote. Walikuja waliochana nywele na waliopaka viatu rangi, walikuja waliohamia bandari ya Pireas ambao hawajalikanyaga kanisa lile tangu ubatizo wao. Hawakumfuata Mtakatifu Paraskevi. Walikuwa wamesikia kutakuwa na aibu, na walitaka kukaa mbele. Nusu yao mimi ndiye niliyewaambia.

Na watembeaji waliokuwa wanapita njia ya mlimani na mabegi yao, wakaona watu wanakula, wakaingia. Kijana wa miwani alijaribu kuwazuia. Bi Anezina, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango wa kanisa, akagonga fimbo chini mara moja tu, na kijana akasogea.

Chakula kilikuwa kwenye vibakuli vidogo vyeupe. Dengu zimesagwa laini kama uji wa mtoto asiye na meno, juu kuna jani moja na kepa tatu, vile vichipukizi vya maua vilivyolowekwa siki. Kila kibakuli kepa tatu. Watalii walikula taratibu, wakapiga picha, wakasema maneno ya kusifu. Nilipomaliza kukunja vitabu vyangu na Papa-Gerasimos alipomaliza kuvua mavazi ya ibada, tulitoka nje na kukaa kwenye nafasi zetu za kila mwaka, kasisi kulia, mwimbaji kushoto. Tulikuwa tumefunga tangu jana yake. Tukasubiri.

Mhudumu alimnong'oneza Iakovos. Iakovos akasema, si kwa sauti kubwa, lakini wakati huo uwanja ulikuwa umenyamaza, "Kimekwisha?"

Neno hilo halikuwahi kusemwa kwenye uwanja ule. Sisemi hivyo kutia chumvi. Kalliroi alifanya ishara ya msalaba. Wanakijiji waliokuwa bado wamesimama, na walikuwa wengi kuliko waliokaa, waligeuka wote kumtazama Bi Anezina, na nasikitika kusema kwamba nyuso zao zilikuwa na furaha. Uso wangu pia.

Yeye hakumgombeza mtu. Aliinuka kwa shida, akashika ukuta. Akasema kila mtu aende kwake alete alichonacho jikoni, chochote, sufuria ya jana, mayai, mkate, na vyombo yeye mwenyewe atavirudisha jioni vikiwa safi. Ilishawahi kufanyika zamani, mwaka ambao meli haikuja wiki mbili. Mwaka huo, mama yangu alikuwa ananiambia, kwa dakika kumi tu uwanja ulikuwa umejaa sufuria.

Hakuna aliyetembea.

Tulitazama viatu vyetu. Ilikuwa Julai. Kwenye jiko la mwoka mikate kulikuwa na wapangaji, familia ya watu sita wasiomjua. Nyumba ya Kalliroi binti yake ameikodisha tangu Pasaka, na bibi mwenyewe analala chumba cha nyuma ya duka na jiko la gesi la kijungu kimoja. Nyumba ya mama yangu ilikuwa na wageni wangu wa kulipa, mume na mke, na mimi nilikuwa ninalala pango la chini tulimokuwa tukikanyagia zabibu. Nilikuwa na makopo mawili ya samaki na mkate mkavu. Sikuyataja. Kijiji kizima cha wanakijiji halisi, na hakukuwa na sufuria moja yenye moto chini yake.

Bi Anezina alituangalia mmoja mmoja. Alikuwa anatujua, na nadhani alikuwa hajatujua mpaka saa ile. Kisha watu wakaanza kuondoka. Waliondoka wakitikisa vichwa, wakisema aibu, aibu kubwa, mama yake angekuwa hai, na walisema hivyo kwa ulimi mtamu wa mtu aliyepata alichokifuata.

"Iakovos," Bi Anezina akaita. "Ingia ghalani. Kuna gunia la mbegu."

"Shangazi, hizo ni za kupanda."

"Najua ni za nini. Washa moto."

Mimi nilibaki. Sitajisingizia wema, nilibaki ili nimwone Iakovos akishindwa kuwasha moto kwa matawi ya mizabibu. Alishindwa mara nne. Alipiga magoti kwenye mawe na shati lile la kitani, akapuliza, akameza moshi, akachoma vidole, na alipojaribu kusimama, shangazi yake alimwonyesha kisima. Alivuta maji ndoo kumi na moja. Alikoroga kwa mwiko wa urefu wake. Alipouliza kama zimetosha, aliambiwa aongeze. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye vile viatu bila soksi.

Na wale wa tepe za njano, ambao walikuwa wamekwisha kula na basi lao lilikuwa la saa kumi na moja, hawakuwa na akili ya kuondoka. Walikaa. Mwanamke mmoja mnene, mabega yameungua mekundu, alichukua kisu bila kuombwa, akaanza kumenya vitunguu, na wengine wakamwiga. Walimenya kama wanavyopanda volkano, bila kujua wanachofanya, nusu ya kitunguu ikienda na ganda. Boti yao ya jua kuzama iliondoka bila wao. Hawakuuliza kitu kuhusu basi.

Dengu ziliiva baada ya saa mbili na nusu. Watembeaji walikula, wahudumu wa hoteli walikula, kijana wa miwani alikula amesimama. Kalliroi, aliyekuwa amesinzia kivulini, aliamshwa akala. Papa-Gerasimos alikula sahani tatu. Mimi nilikula mbili, na zilikuwa nzuri, zina ladha ya moshi na zilikuwa nzito kama inavyotakiwa. Iakovos ndiye aliyezipika, nami niseme nini. Sufuria lilikuwa bado na chakula mtu wa mwisho alipoondoka.

Kesho yake asubuhi Bi Anezina aligonga ukuta kwa fimbo. Nilikwenda. Alikuwa mezani, na ufunguo ulikuwa mbele yake juu ya kitambaa.

"Chukua," akasema.

"Nimpelekee nani?"

"Wewe. Mwaka mzima umezunguka ukisema Iakovos hafai. Nimekusikia, masikio yangu si magoti. Basi wewe unafaa. Sala unazijua, dengu unazijua, mama yako alikuwa anakoroga na mama yangu. Chukua."

Nilitaja mgongo. Nilitaja umri, nikamkumbusha kwamba sijaoa na sina mke wa kunisaidia. Alinisikiliza kwa adabu, jambo ambalo si kawaida yake, na hilo likanitisha. Mwisho nikasema lililo kweli.

"Julai siwezi, dada. Julai nyumba imejaa. Nitapikia wapi?"

"Waondoe siku tatu."

"Wameshalipia."

Aliitikia kwa kichwa. Ningependa angenitukana, maana matusi yake nimeyazoea na nina majibu yake. Lakini alinyoosha tu kitambaa chini ya ufunguo.

"Iakovos amenitia aibu mbele ya kijiji kizima," akasema. "Amenitia aibu kwa sababu alijaribu. Wewe hujanitia aibu hata siku moja, Manthos. Umeimba, umekula, umekwenda zako. Miaka hamsini. Hata sahani hujawahi kuosha."

Mimi ambaye kijiji kizima kinanijua kwa domo nikaanza kuhesabu mistari ya kitambaa.

Iakovos alifika baadaye kidogo, vidole viwili vimefungwa bendeji, shati jingine jeupe. Alianza kuomba radhi kutoka mlangoni. Bi Anezina hakumwacha amalize. Aliuweka ufunguo kwenye kiganja chake, akanitazama na kuniambia niwe shahidi. Nikawa shahidi. Iakovos aliupokea kwa mikono miwili, na macho yalimlowa, na sikupata hata neno moja la kumcheka. Kisha mpumbavu yule akauliza mwakani apike kilo ngapi. Akapigwa fimbo ya goti, si kwa nguvu.

Nilirudi nyumbani. Wageni wangu walikuwa wamekaa uwanjani, chini ya mtini wa mama, miguu juu ya benchi, karatasi ya Iakovos wameitandaza mezani. Walinichangamkia. Waliniuliza, kwa kuwa mimi ni mwenyeji, kama ninajua mahali ambapo wenyeji wanapika na kula pamoja kama zamani.

Nikawaambia sijui.